Kona ya Kushoto

Alhamisi, 16 Januari

Baridi ya kung'oa masikio. Nimechomeka gari kwenye umeme nje ya uwanja, injini isigande, nikaingia kwenye hoki ya barafu, baridi nyingine ya kulipia kiingilio.

Nimetumwa na Lorne Pickard, mkuu wa maskauti wa klabu yetu. Anataka beki. "Niletee beki anayefikiri, Merv. Wanaogonga tu ninao, wamejaa kama viazi." Kwa hiyo: Tarin Hudema, beki wa timu ya vijana ya Coulter, miaka kumi na saba, mtoto wa wakulima wa ngano. Juni ndio mwezi wa uteuzi, klabu za ligi kuu zinachukua vijana kwa zamu. Mpaka hapo kazi yangu ni kukaa kwenye ubao wa baridi na kuhukumu watoto wa watu.

Namba nne wa Coulter: moyo wa simba, miguu ya kabati. Atauza matrekta. Namba kumi na tisa: mzuri sana, na anajua. Atanenepa.

Halafu Hudema. Kisahani, ndicho mpira wetu huku, kinarushwa nyuma, anakifuata mpaka ukutani, na kabla ya kukigusa — kichwa kinazunguka! Kichwa chote, mpaka kidevu kinagusa bega la kushoto. Kama bundi. Anaona nani anakuja kumgonga, maana huku kugonga kunaruhusiwa, anageuka upande mwingine, anatoa pasi, basi. Mabeki wa umri huu hawaangalii nyuma. Wanaomba Mungu.

Maskauti wote tumenyamaza. Maskauti wakinyamaza pamoja, jua kuna kitu.

Jumamosi, 18 Januari

Tena Coulter. Delorme yupo. Garth Delorme, skauti wa klabu inayochagua mara tu kabla yetu. Koti la manyoya, cheko la muuza bima. Kwa desturi hatukai pamoja, na tukikutana kwenye kahawa tunadanganyana kwa adabu.

"Vipi, kaka Merv, umekuja kumwona nani?"

"Kipa."

"Kipa yupi? Yule anayeruhusu hata upepo?"

"Ana roho nzuri."

Akacheka. Alijua. Mimi pia nilijua kwamba "golikipa" aliyedai kumfuata yeye wiki iliyopita ni Hudema.

Nimempenda huyu mtoto. Jambo baya. Skauti akipenda, macho yanaingia ukungu.

Jumapili, 26 Januari

Nimekwenda shambani kwao. Theluji mpaka dirishani. Naenda kwa wazazi kwa sababu moja: viatu. Huku kila mtu anavua viatu mlangoni, na mlangoni ndiko ninakosoma mtoto atarefuka kiasi gani. Viatu vya mama yake, Nadine, vinaweza kubeba abiria. Vizuri sana. Dogo bado anakua.

Baba yuko barabarani na lori la nafaka. Nadine akanipakulia perogi, vile vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi ndani, na malai juu, akanisimamia kama askari jela. "Kula, mzee. Mwanaume gani anakula sita?"

Tarin mpole. Kila swali, "ndiyo mzee", "hapana mzee". Nikamuuliza nani alimfundisha kuangalia nyuma. Akamtazama mama yake. Mama akatazama sufuria.

"Nilijifunza tu," akasema.

Jambo dogo. Meza kubwa, viti tele, lakini dogo amejibana mwisho kabisa, ukuta kushoto kwake. Nadine akiweka kitu anakizungusha mpaka kulia. Glasi kulia. Mkate kulia. Nikadhani ni mazoea ya nyumba. Nyumba zote zina wazimu wake. Kwetu baba hakuruhusu mtu kupiga mluzi.

Jumatano, 5 Februari

Nilikuwa nakunywa supu ya kopo, ikanijia. Nikaacha kijiko.

Ukuta kushoto. Kila kitu kulia. Na kichwa kile — siku zote bega la kushoto, mpaka kidevu kinagusa. Bega la kulia analitupia jicho tu, kidogo, kama sisi wote.

Haangalii kwa sababu ni mwerevu. Anazungusha kichwa ili jicho la kulia lifike upande ambao jicho la kushoto halifiki.

Mtoto haoni kushoto!

Na sisi, wataalamu kumi na wawili wenye makoti mazito, tumekaa karibu mwezi mzima tukikiita kilema kipaji. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka supu ikapoa. Halafu haikuchekesha tena.

Ijumaa, 14 Februari

Nimehakikisha. Sijivunii. Basi, kidogo najivunia.

Baada ya mazoezi nikamngoja ukumbini kwenye mashine ya soda. Akaja amebeba begi. Nikasimama kushoto kwake, nikamrushia peremende, taratibu, ya mkono wa chini. Ikampiga shavuni. Hakupepesa hata. Ilipogusa ndipo aliporuka.

"Samahani mzee, nilikuwa nawaza mbali."

"Ulikuwa huoni karibu."

Akageuka mzima mzima, akanitazama kwa jicho lile zima. Sijawahi kuona uso unazeeka haraka hivyo. Akaniambia yote pale pale, kwa sauti ya chini, huku wenzake wakipita wakimpiga makofi kichwani. Miaka mitatu iliyopita, bwawa la ng'ombe limeganda, wanacheza bila helmeti, gongo la binamu yake likapanda juu, likampata jicho la kushoto. Mama anajua. Baba hajui. Daktari wa timu ana bango moja tu la herufi, lile lile kila mwaka. Dogo amelikariri.

"Ligi kuu haichukui mtu wa jicho moja," nikasema. "Madaktari wa klabu wana mashine. Hizo huwezi kuzikariri."

"Najua."

"Sasa unatafuta nini?"

"Kuitwa jina tu, mzee. Juni. Baba awe amekaa pale, alisikie. Wakinipima baadaye wakanitupa, wanitupe. Litakuwa limeshaitwa."

Nikamwambia acheze shuleni, asome kilimo, asome chochote. Akasema ndiyo mzee. Aina ile ya ndiyo.

"Utamwambia mtu?"

Nikamwambia nitafikiri. Akaokota peremende, akanirudishia.

Jumamosi, 1 Machi

Nimemwambia Pickard. Ni kazi yangu. Simu ikakwaruza, nikadhani inakatika.

Kumbe anacheka.

"Merv, sikiliza. Nani mwingine anajua?"

"Mimi, wewe, mama yake."

"Delorme?"

"Delorme anamwota."

"Basi mwache aote! Amchukue yeye. Sisi tubaki na lile jitu la timu ya Redvale. Wewe kazi yako moja tu: mfanye azidi kumtaka."

"Lorne, mtoto anaweza kuumia."

"Kwani sisi ndio tuliomtoboa jicho?"

Nikasema sawa. Sikubishana kama mtu anavyopaswa kubishana. Niandike ukweli angalau hapa: nusu yangu iliona ni mpango mzuri. Na dogo mwenyewe si anataka kuitwa jina? Kila mtu anapata alichoomba. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nikiwa napangusa theluji kwenye kioo cha gari.

Ijumaa, 7 Machi

Ukimsifia mtu mbele ya Delorme, anakimbia. Anadhani unamuuzia. Lazima umfiche kitu, tena umfiche vibaya.

Kwa hiyo nimekaa nyuma ya nguzo, kona ya kushoto ya lango la Coulter. Kofia mpaka nyusi. Timu zikibadilisha upande, nahama, nakaa tena kona ya kushoto ya lango lake. Kule ndiko kichwa kinakozunguka, hapo ndipo patamu. Kipindi cha tatu, cha mwisho, natoka mapema, nikionekana mtu asiyetaka kuonekana.

Delorme ameniona mara zote. Kwenye kahawa akaja na donati mbili. Delorme! Donati!

"Kipa bado ana roho nzuri?"

"Roho safi."

"Kipa huyo anakaa kona ya kushoto, eh?"

Nikaangalia viatu vyangu. Mwigizaji mzuri kuliko mimi hayupo mkoa huu mzima. Nikala donati zote mbili.

Jumanne, 18 Machi

Delorme amempigia bosi wake. Bosi anapanda ndege, atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuona mechi ya mtoano, Coulter na Redvale. Pickard amefurahi, amenitumia ujumbe wenye alama za mshangao. Zamani hakuwa mtu wa alama za mshangao.

Nikiwa natoka uwanjani, Tkach akanizuia. Wade Tkach, kocha wa Redvale, alikuja kuwapeleleza Coulter kabla ya mtoano. Mtu mfupi, haongei, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe.

"Mzee Merv. Nakuona."

"Mimi pia najiona. Sipendi."

"Mechi tatu. Unahama na yule dogo kama kivuli chake. Kila mara kushoto. Kuna nini kule?"

"Hita."

Akatazama juu. Kule hakuna hita. Akatema ganda.

"Hm," akasema.

Nimeisikia ile "hm" njia nzima nikirudi.

Huku nyumbani nimekuta chupa ya matango ya siki mlangoni, kutoka kwa Nadine. Amesafiri mwendo wa saa tatu kuileta na hakunisubiri. Karatasi imefungwa na uzi: kwamba Tarin amemweleza, kwamba nimejua na nimenyamaza, kwamba watu wenye moyo kama wangu wamebaki wachache.

Sijafungua chupa.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika hapa hapa uwanjani, mapumziko ya kwanza, goti ndilo meza. Vidole vimekufa ganzi.

Uwanja umejaa pomoni. Bendi ya shule, ngoma, watoto wameandika majina kwenye mashavu. Bosi wa Delorme amekuja, skafu ya hariri, anakunywa kahawa ya hapa kama anakunywa dawa. Nadine yupo safu mbili chini yangu. Safari hii na baba pia, Orest, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Mikono kama majembe. Ameshika programu, amekunja pale lilipo jina la mtoto.

Kipindi cha kwanza kilianza vizuri. Kichwa kinazunguka, pasi inatoka. Bosi wa Delorme akasema kitu, Delorme akacheka kama amezaa yeye.

Halafu Redvale wakarusha kisahani kona ya kushoto. Tena kushoto. Tena. Hawakurusha kulia hata mara moja! Na kila mara anayetumwa ni Rusnell, mtoto wa mchinjaji, shingo haipo. Mara mbili za kwanza alifika haraka mno. Tarin alimwona, akamkwepa, uwanja ukalipuka. Mara ya tatu Rusnell alipunguza mwendo. Tarin akazungusha kichwa, akaona hakuna mtu karibu, akakirudisha kwenye kisahani. Hapo ndipo Rusnell alipoingia. Kikumbo cha bega tu, si kikubwa, cha kujaribu. Lakini Tarin hakukaza hata msuli mmoja. Mtu anayeona, hata akichelewa, anajikaza. Alidondoka kama nguo kutoka kwenye kamba.

Akaamka. Akatikisa kichwa, akacheka na mwenzake. Orest akapiga makofi: "Simama, mwanangu! Hicho si kitu!"

Nadine hakupiga makofi. Aligeuka akanitafuta mimi.

Na Tkach, kule benchi la Redvale, hakuwa anaangalia barafu. Alikuwa anaangalia nguzo yangu. Akamvuta Rusnell karibu, akamwambia neno moja sikioni, akatema ganda.

Mimi ndiye niliyemwonyesha. Hakuna aliyemwambia. Nilimwonyesha kwa makalio, kwa pale nilipokuwa nakaa.

Nimeshuka mpaka kwenye kahawa. Nadine akanifuata.

"Wameshajua, mzee."

"Wanabahatisha."

"Wewe anakusikiliza kocha wetu. Mwambie amtoe. Sema lolote, sema goti."

"Wakimtoa leo, na yule bwana wa skafu amekuja leo, basi hakuna Juni."

"Najua hakuna Juni!" Akashusha sauti, maana Orest alikuwa anakuja. "Najua. Nikimwambia mimi, baba yake atauliza kwa nini."

Orest akafika, akanipa mkono. Hakuutikisa, aliushika tu. "Unamwona mwanangu ataitwa?"

Nadine ananitazama. Nikasema, "Wanampenda sana." Kweli tupu, na sijawahi kusema jambo chafu kuliko hilo.

Sasa kengele imelia, timu zinabadilisha upande. Naweza kwenda chumba cha kocha, mlango ule pale, hatua chache. Naweza kwenda kulia, labda Tkach akasita. Lakini Delorme ameshahamia upande wa pili kabla yangu, safari hii hajifichi hata kidogo. Kona ya kushoto, karibu na kioo. Ametandika blanketi lake kwenye kiti cha jirani na ananipungia mkono.

"Njoo, kaka Merv! Nimekushikia nafasi! Hakuna hita, lakini patamu!"

Pickard ametuma ujumbe. Je, bado wanamtaka?

Nimekaa. Blanketi lina joto. Kutoka hapa naona benchi la Redvale vizuri, na Tkach ameniona nikikaa. Amekubali kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyejibiwa.

Wameanza. Kisahani kinakuja huku kwetu, kinateleza ukutani, Tarin anakifuata. Kidevu kinagusa bega. Delorme amenishika mkono, ananong'ona: angalia, angalia sasa, angalia kichwa kile.

Naangalia. Rusnell hakimbii. Anangoja kichwa kirudi.