Kibao chenye Jina la Baba

Tonawanda, Jumatatu

Yaya Chimène, dada yangu,

Huku pembeni mwa Buffalo tuko wazima. Watoto bado wananijibu kwa Kiingereza. Na nyinyi hapo Louisville?

Bon, ile injini niliyoiokota kwenye vyuma chakavu, sawasawa na ya kinu cha Baba, imepona. Jumamosi niliipeleka kwenye maonyesho ya injini za zamani, karibu na kwa Mama, Columbus. Mwaka huu wanawalipa wenye injini, lakini wamekuwa wakali: iwe safi, iwe na kibao cha historia yake, na ifanye kazi, isingurume bure. Donc nikaifunga mkanda na kinu, nikasaga mahindi. Mama aliposikia mlio ule tu, akavua kitenge cha mabegani akakinga unga, kama zamani pale kwetu.

Kwenye kibao niliandika: "Nshombo, msaga unga, Walungu." Mkaguzi akauliza mbona jina si langu. Nikasema ni la Baba. Sikumwambia kwamba siku tuliyokimbia vita Baba alirudi kuizima mashine yake isiungue, kwamba tukiwa mlimani tuliisikia ikinyamaza, na yeye hatukumwona tena.

Jioni wakatangaza kila mtu azime yake. Yaya, mkono wangu ulikataa. Mama akanishika bega, akasema, "Iache." Tukakaa kwenye majani, sisi wawili, mpaka mafuta yakaisha yenyewe.

Nimekuwekea unga wa bugali.

Mdogo wako,
Kataliko