Nani Aligeuza Mpini wa Mashine ya Kahawa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mzee Pamba, ndilo la mtaani. La kwenye kitambulisho afande amelinakili kwenye jalada. Mimi silitumii ovyo, lisije likachakaa.
Umri: Miaka 72 kwa kitambulisho. Kwa magoti, 80 na kitu.
Kazi: Fundi magodoro, nimestaafu. Nimelaza watu wengi vizuri kuliko nilivyolala mwenyewe.
Elimu: Darasa la nne. La tano nililiona dirishani.
Makazi: Chumba cha uani, nyumbani kwa mkwe wangu aliyemuoa binti yangu wa pekee.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, sijapigwa wala sijapewa soda.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, niliondoka nyumbani na mkwe wangu pamoja na binti yangu. Tulikwenda duka la vyombo vya umeme, lile la chini kwenye jengo la vioo, linalopakana na benki. Mkwe alikuwa anataka kununua mashine ya kahawa ya kikombe kimoja kimoja, zile za watu wenye nafasi zao. Sababu naijua, kwa kuwa chumba changu na jiko vinatumia ukuta mmoja. Kila alfajiri binti yangu humchemshia mumewe kahawa kwenye birika, na kila alfajiri mumewe husema hayo ni maji ya kuoshea vikombe. Wiki moja kabla ya siku hiyo nilimsikia akisema, "Nitanunua kitu kinachojua kazi." Nilisikia kifuniko cha birika kikirudishwa polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Mimi nilichukuliwa kama mwonjaji. Njiani niliuliza, "Mkwe, kikombe kimoja kimoja? Wageni wakija si watapanga foleni kama bombani?" Alisema, "Mzee, wageni watapiga simu kwanza."

Dukani tulipokelewa na binti mwembamba aliyevaa fulana ya duka. Sikuwa namjua, si ndugu yangu, na hajanipa kitu maishani mwake isipokuwa kahawa ya kuonja. Alitutolea mashine tatu. Ya kwanza ni ya vidonge: unatia kidonge cha kahawa, unabonyeza, kikombe kinajaa. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, vidonge ninavyomeza vya presha vinanitosha." Alicheka mpaka akafunika mdomo. Ya pili inasaga buni yenyewe humo ndani, kwa kelele ambazo jirani akizisikia atajua umeamka. Ya tatu ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo iliyotuleta hapa.

Hiyo ya tatu ina kichujio chenye mpini. Unga wa kahawa unashindiliwa kwenye kichujio, kisha mpini unageuzwa mpaka ukaze, halafu maji ya moto yanasukumwa kwa nguvu yapite humo. Juu yake kuna mshale unaoonyesha nguvu hiyo. Binti wa duka alitutengenezea kikombe kimoja. Alipomaliza alizima, akasubiri, ndipo akasema kwa sauti ya kusikika, "Bosi, usigeuze mpini mpaka mshale urudi sifuri. Ukiharakisha, inatema." Mimi nikasema, "Inatema? Basi ina tabia za marehemu mke wangu." Hata binti yangu alicheka, na yule alikuwa mama yake.

Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri. Sitaisingizia.

Binti yangu alitaka ile ya vidonge. Alisema, "Baba watoto, tuchukue hii. Haina mambo mengi." Mkwe akamjibu, "Wewe umezoea birika. Hii nyingine inataka mtu anayejua." Mimi nikadakia, "Anayejua ni nani, Mkwe? Mtungi wa gesi kwako tunamwita jirani aje kuufunga." Watu wawili waliokuwa wanaangalia mafriji walicheka. Mkwe hakucheka. Afande ameniuliza kama hili lina uhusiano na kesi. Linao. Utani wangu ulimchoma yeye kabla maji hayajamchoma mtu.

Mkwe akasema atatengeneza cha pili kwa mkono wake. Alishindilia unga, akafunga mpini, akawasha. Kahawa ikashuka. Binti wa duka akaniuliza, "Babu, utatia maziwa?" Nikasema, kama ni ya bure, tia. Akageuka kwenda kwenye friji ndogo iliyo nyuma ya kaunta. Ni hatua chache kutoka kwenye mashine. Alitupa mgongo na mikono yake yote miwili nilikuwa naiona, mmoja umeshika mlango wa friji, mwingine umeshika pakiti ya maziwa.

Wakati huo binti yangu alipeleka mkono wa kulia chini ya mashine kuchukua kikombe. Mkwe alizima, akashika mpini, akaniangalia mimi, akasema, "Sasa Mzee, tazama." Mshale ulikuwa bado uko juu. Mimi niliuona. Akageuza.

Ilitoa mlio kama mtu aliyepiga chafya kubwa. Maji ya moto na unga uliolowa vilirukia mkono wa binti yangu, kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye saa yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto," kama mtu anayemwita mwenzake aje mezani. Binti wa duka aliachia maziwa yakaanguka sakafuni palepale mbele ya friji, akamshika mwanangu kiunoni, akamkimbiza kwenye bomba la chooni, na akauweka ule mkono chini ya maji baridi bila kuutoa, hata mwenyewe alipotaka kuutoa.

Waliporudi kwenye kaunta, watu walishajaa. Meneja akaja, akauliza kuna nini. Mkwe akasema, "Huyu msichana wenu amegeuza mpini wakati mke wangu ana mkono chini!" Nilidhani hofu ndiyo inayosema, nikangoja ajirekebishe. Hakujirekebisha. Meneja akamuuliza binti yangu, "Ni kweli, mama?" Binti yangu akamtazama mumewe, akaitikia kwa kichwa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na nadhani walikuwa wanasema ya baridi.

Msichana alisema mara moja tu, "Mimi nilikuwa nimeshika maziwa." Hakuna aliyegeuka kuyaangalia yale maziwa sakafuni. Kamera ya duka inatazama mlangoni, kwa sababu dukani anayeogopwa ni anayeingia. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa kazi, siku hiyo ulichukua likizo. Msichana akaletwa hapa kituoni mchana uleule kwa kosa la kujeruhi kwa uzembe.

Leo Jumatatu asubuhi binti yangu aliingia chumbani kwangu akiwa na bandeji. Alijua kwamba mumewe ananileta hapa niwe shahidi wake. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Baba, mkono ulioungua ni wangu." Nikasema, "Ni wako." Akasema, "Basi niachie mimi niseme umeungua vipi. Yeye ndiye ninayelala naye nyumba moja." Nikamwambia, "Mkono ni wako, mwanangu, lakini anayelala mahabusu ni mtoto wa mwenzio." Alinifunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, ingawa mimi vifungo naviweza.

Kwenye gari mkwe alinielekeza la kusema. "Baba, sema tu uliona mkono wa yule binti kwenye mpini. Mengine usiongeze, Baba." Miaka yote niliyoishi kwake ananiita Mzee. Leo Baba ilimwagika kama sukari kwenye chai ya msibani. Nikamuuliza, "Na nikisahau?" Akasema, "Usisahau unakaa kwa nani." Alisema kwa upole. Angesema kwa ukali ningejibu utani.

Nilipoingia hapa nilipita mbele ya mahabusu. Yule msichana alikuwa amesimama kwenye nondo, hana viatu. Alinitambua. Akasema, "Shikamoo, babu." Mimi ni mtu wa kupokea shikamoo mia kwa siku bila jasho. Hiyo ya leo, marahaba yake ilinitoka kwa shida.

Kwa hiyo naeleza hivi: aliyegeuza mpini ni mkwe wangu. Binti wa duka hakuugusa. Mkwe hakukusudia kumuumiza mkewe, na hilo pia liandikwe, kwa sababu ni kweli. Kilichokusudiwa ni kile kilichofuata.

Kabla ya kusaini nimeomba ruhusa nimpigie binti yangu, nikaruhusiwa. Nikamwambia, "Mwanangu, nimeshasema. Nimemtaja mumeo." Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema, "Usipande gari lake, Baba. Kaa hapohapo. Nakuja." Sikumuuliza anakuja kufanya nini.

Niliyoyaona na niliyoyasikia ndiyo haya, sina chumvi niliyoongeza isipokuwa ile ya uzee.

Sahihi ya shahidi: (ametia mwenyewe, kwa herufi kubwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo yake naye amekiri kuwa ni sahihi. Nilimshauri maneno ya utani yaondolewe. Alikataa, akisema bila hayo hataonekana kuwa ni yeye. Mtuhumiwa bado yuko mahabusu hadi mkuu wa kituo apitie jalada. Saa 6:20 mchana amefika mapokezi mwanamke mwenye bandeji mkono wa kulia, akaketi karibu na shahidi. Nilipomuuliza shida yake alisema anataka kuandikisha maelezo upya, na kwamba hawezi kushika kalamu. Mumewe aliingia nyuma yake na kutaka kumjibia. Nimemwomba asubiri nje.

Koplo wa zamu.