Nilivyomficha Bibi Aikaruwa

Old Moshi, Jumapili, Juni 1973

Leo mlima haujaonekana kabisa. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kukunja vidole, na mimi nimekaa dirishani na shuka mabegani nikijifanya nasahihisha madaftari ya darasa la nne. Ni saa kumi sasa na sijasahihisha hata moja.

Nina aibu. Naiandika hapa mwanzoni nisije nikaizunguka mpaka ukurasa ukaisha.

Mimi ni katibu wa umoja wetu wa akina mama. Mali yetu ni nyumba moja ya vyumba vinne, wanakokuja kusubiri wajawazito wa vijiji vya juu siku zao zinapokaribia. Kabla ya nyumba hii walikuwa wakishushwa kwa machela, njia ikiwa tope tupu. Wako waliojifungulia migombani, na wako ambao hawakufika. Tuna mkunga mmoja, Elinaike, aliyekuwa akilipwa na halmashauri. Mwaka jana halmashauri zikavunjwa, mambo yote yakahamia wilayani kwa watu wapya, na mwaka mpya wa fedha wa serikali unaanza mwezi ujao. Tusipoingizwa kwenye bajeti, Elinaike atapelekwa hospitali ya mbali, nasi tutabaki na vitanda sita na kufuli.

Basi mwenzenu nikaamua kuokoa nyumba. Kwa kuandika.

Barua nazijua, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo. Tulipoanza tulikuwa tukiomba misioni, nikawa namtaja Mungu kila aya. Ikaja halmashauri, nikawa namtaja diwani kila aya, wakati mwingine kwa maneno yale yale niliyokuwa nikimwandikia Mungu. Sasa nataja nguvu za wananchi na kujitegemea. Vitanda ni vile vile, kuta ni zile zile, kinachogeuka ni kalamu yangu. Wenzangu hunisifu kwamba Mwalimu anajua kuongea na serikali, na sifa hiyo hunipanda kichwani kama pombe ya mbege kwenye tumbo tupu.

Nyumba imesimama kwenye kihamba cha Bibi Aikaruwa. Alilikata shamba hilo lake la urithi akatupa kipande cha juu ya kijito, chenye migomba iliyokuwa tayari inazaa, na hakutaka hata shukrani. Mwaka wa kwanza alikuja kila asubuhi na maziwa ya wazazi kwenye kibuyu. Lakini marehemu mumewe alikuwa mchili wa mangi, yaani mtu wa chifu wa kusimamia kijiji, na nyumba yake ina mabati na madirisha ya vioo. Siku hizi mikutanoni neno ukabaila halikauki midomoni. Mwezi uliopita kijana mmoja wa tawi la chama alisema mbele ya watu kwamba bado tuna makabaila wamekaa kwenye vihamba vipana, akatazama ng'ambo ya kijito. Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Tulipoandikiwa kwamba Afisa Mipango wa wilaya atakuja Alhamisi kukikagua kituo, jambo la kwanza lililonijia halikuwa Elinaike wala wajawazito. Nilimfikiria Bibi Aikaruwa akiwa ameketi mstari wa mbele na kanga zake za siku kuu, mgeni akiuliza huyu mama ni nani.

Kwa hiyo nikamwondoa.

Kwanza nilimwondoa kwenye karatasi. Pale palipotakiwa historia ya kituo niliandika kwamba kilianzishwa kwa nguvu za wananchi, nikaweka nukta. Kisha nikamwondoa ukutani, maana palikuwa na picha yake ameshika jembe siku ya kuchimba msingi. Nikaisukuma chini ya kitanda, pamoja na mabeseni. Jumatano jioni nikaenda kwake, nikamwamkia, nikanywa chai yake, halafu nikamwambia kwamba mgeni ameahirisha safari, tutamjulisha siku nyingine.

Alinipa pole. Akasema najisumbua sana kwa ajili ya watu, nipumzike.

Nimelisimulia hilo kwa haraka kwa sababu nikilikawia naweza kulichana hili daftari.

Alhamisi mgeni akaja na gari la serikali. Kijana mpole, mtu wa kusini, suti ya mikono mifupi, kalamu mfukoni. Akina mama waliimba, na waliimba vizuri mno kama wanavyoimba wakiwa na hofu. Nikasoma taarifa yangu. Nilikuwa kwenye aya ya pili nilipomwona mkwe wa Bibi Aikaruwa akishuka njiani, ana mkungu wa ndizi kichwani. Akaja moja kwa moja hadi kwenye meza ya mgeni, akautua, akapiga goti kidogo.

“Bibi anamsalimu mgeni,” alisema. “Amesikia nyimbo akajua amefika. Amesema Mwalimu ana mambo mengi, labda amesahau kumpelekea habari.”

Hakunitazama. Hakuwa na haja. Akina mama wote wakawa wanatazama chini, na Elinaike, aliyejua kila kitu kwa sababu ndiye aliyenisaidia kusukuma mabeseni, akaingia ndani kana kwamba ameitwa na mgonjwa.

Nikaendelea kusoma. Sauti yangu ilisoma hadi mwisho, mimi sikuwepo.

Mgeni akavikagua vyumba, akaliuliza kila swali lake kwa utaratibu, akasema kazi ni nzuri na yuko tayari kuipigania. Halafu akafungua jalada lake.

“Kiwanja ni cha nani, Ndugu Katibu?”

“Cha wananchi,” nikajibu.

“Wananchi gani? Aliyekitoa ana jina.”

Nikaikunja taarifa yangu mara mbili, ndipo nikamtaja. Yeye wala hakukunja uso. Akaeleza kwamba serikali haiwezi kutia fedha zake kwenye shamba la mtu binafsi, na kwamba anahitaji barua ya mtoaji ya kukikabidhi kiwanja, yenye sahihi yake, ifike ofisini Moshi mjini si zaidi ya Jumatano. Bila barua hiyo jina letu halitapita. Kisha akaugusa ule mkungu, akauliza, “Ndiye huyu aliyetuma ndizi? Mtu anayetoa ardhi yake bure ningependa kumpa mkono.”

Nilimwambia Bibi hajisikii vizuri. Uongo wa pili, na huu niliusingizia mwili wake.

Siku mbili nilizunguka na barua hiyo. Niliiandika mara tatu, kila mara nikiipamba zaidi. Mwenyekiti wa tawi aliniahidi kwamba ataipigia mhuri sahihi ikishapatikana. Leo kanisani nilikaa nyuma kabisa. Ibada ilipokwisha nikatoka kabla ya wengine, nikapita mpakani kwangu, nikachuma jani la isale.

Huku kwetu isale ndilo la mwisho. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unalifunga jani hilo fundo, unalipeleka kwake, unaliweka mbele yake, na aliyeletewa hakatai. Nimeona watu waliotaka kukatana mapanga wakinywa pamoja baada ya isale. Hakuna anayelikataa.

Na hapa naomba niseme ukweli, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Nikiwa njiani, jani limelala ndani ya kikapu juu ya ile barua, nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu. Hakatai isale, nilijiambia, na akishalipokea atakuwa hana njia ya kukataa sahihi. Nilikuwa naenda kuomba radhi jinsi ninavyoomba ruzuku.

Nilimkuta uani akimkatia ng'ombe mgomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanawa mikono taratibu, akaketi kwenye kigoda. Nikapiga magoti kwenye majani yenye maji, nikaliweka isale mbele yake. Nikasema nilidanganya. Nikasema nilimwonea haya mbele ya wakubwa. Machozi yalinitoka, na hayo angalau sikuyapanga.

Aliliacha jani pale lilipo. Akakitazama kikapu.

“Na hiyo karatasi?”

Nikampa. Aliisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari, kama alivyofundishwa na wamisionari. Alipofika kwenye sifa nilizomwandikia, aliziruka. Akaniomba kalamu. Akatia sahihi, herufi zake kubwa za kizamani, akapuliza wino ukauke.

“Mwenyekiti alinipitia jana,” akasema. “Nilimwambia ileteni wakati wowote. Hii ni ya wazazi, Eliaichi. Haikuhitaji isale.”

Tangu lini Bibi Aikaruwa ananiita jina langu? Kwake siku zote nimekuwa Mwalimu.

Kisha akainama, akaliokota lile jani. Nilidhani analipokea. Akaninyooshea.

“Hili rudi nalo. Utaniletea siku ambayo huna karatasi.”

Akanyanyuka, akarudi kwa ng'ombe wake. Hakuwa na hasira. Aliniambia hata niangalie utelezi pale kwenye daraja la mti.

Tangu nizaliwe sijasikia isale likirudishwa. Wala hakulikataa, nimelipima jambo hili kila upande na siwezi kusema alilikataa. Amenipa tarehe tu, kama wanavyofanya ofisini mtu akileta maombi ambayo hayajakamilika.

Nyumba huenda imepona. Kesho nitampelekea mwenyekiti apige mhuri, nipande gari kwenda mjini, niikabidhi barua kwa mkono wangu. Elinaike atabaki. Akina mama watanisifu tena kwamba najua kuongea na serikali, nami sijui nitaweka wapi uso.

Nimekaa hapa tangu nirudi nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho niliyokwenda kwa Bibi Aikaruwa bila karatasi. Nilimpelekea orodha ya michango. Nilimpelekea mwaliko. Nilimpelekea ombi la mbao, ombi la mchanga, ombi la kuongezewa njia ya kupita. Mumewe alipofariki nilimpelekea rambirambi ya umoja, imeandikwa vizuri, nikaisoma nimesimama, nikaondoka kabla ya chakula.

Siikumbuki hata mara moja.

Keshokutwa Jumanne sina barua ya mtu yeyote. Nitakwenda. Ila nikishamwamkia na yeye akaitikia, na mikononi sina kitu ila lile jani, nitamwambia nini?