Orodha za nyimbo kwenye simu ya mama

Anitha usipige, siwezi kuongea. Soma tu.

Si mama aliniomba nimwekee orodha yangu ya nyimbo za kwaya kwenye simu yake, awe anasikiliza akimenya viazi? Nikaichukua. Nikakuta ana orodha zake mbili tayari.

MAZISHI YA MAMA GLORY, NYUMBANI.
MAZISHI YA MAMA GLORY, KANISANI.

Mama Glory, Anitha. Mama yangu mimi.

Nikamuuliza, "Mama, hii nini?" Wala hakuacha kumenya. "Majibu ya hospitali yalitoka Jumatatu. Na hii kwaya ya Magamba ukiishtukiza inaimba hovyo, bora wajue mapema."

Inaimba hovyo! Ndicho alichoona cha kuniambia.

Sijalia. Nimekaa tu, nimeshika kiazi sijui cha nini.

Halafu unajua nilimjibu nini? "Mbona ya makaburini hamna?" Nimesema hivyo mimi, kwa mdomo wangu, kama namkagua daftari. Ya makaburini hamna!

Akachukua kiazi kingine.

"Hizo chagua wewe, mwanangu. Wewe ndiye utakayezisikia."