Mkamba Aliyezima Mwezi

Machimboni, karibu na Ilbissil
12 Mei 2025

Nthambi, mwaitu,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na hata ukinikasirikia bado wewe ni yeye. Mimi niko. Kifua kinakohoa asubuhi, mchana kinachoka na kunyamaza. Masikio ni yale yale, mashine ya kokoto iliyala na hairudishi. Ndiyo maana sipigi simu, nampa Wanyoike barua aje nayo na lori la mawe. Anasema yeye si posta, lakini anazibeba. Wewe na shangazi yako hapo Noonkopir mko wazima? Na lile jino?

Sasa tuongee juu ya Jumamosi. Uliniomba niwatafutie siku ya kuleta darubini, wewe na wenzako wa kujitolea. Nilienda kwa Parmuat, mwenye boma ng'ambo ya korongo, na wazee wakasema, mwezi ukikaribia kujaa watu wataona njia. Mimi pia niliona hiyo ni akili. Mtu akitaka kuonyesha watu mbingu, si achague siku mbingu imewaka?

Ulisimama mbele ya watu ukaniuliza, "Baba, nani alichagua siku hii?" Sikusikia. Nikajibu, "Asante, nimekula." Wote wakacheka, Parmuat akashika mbavu. Kicheko chao hakikuniuma. Kilichoniuma ni uso wako. Nikarudi kwenye genereta, maana msimamizi wetu, Roy, alikuwa amenipa dakika kumi tu.

Watu wanasema waliuona mwezi kwenye darubini na ulikuwa mzuri, lakini mwezi walikuwa wanaujua.

Nisamehe kama kuna la kusamehewa.

Baba yako,
Mbuvi


Noonkopir, Kitengela
17 Mei 2025

Baba,

Jino liling'olewa, sasa natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Shangazi anakusalimu na anauliza kama bado unalala bila kuvua viatu.

Nilikukosea adabu mbele ya watu. Mimi ndiye wa kuomba msamaha. Ni vile nilikuwa nimengojea sana.

Hapa mjini hatuna mbingu tena. Kuna taa za maghala, taa za vituo vya petroli, taa za nyumba mpya. Watoto ninaofundisha chekechea, ukiwaambia wachore usiku, wanachora nyota sita, kwa sababu wameona sita. Ndiyo maana tunabeba darubini mpaka kwenu. Lakini mwanga wa mwezi unameza nyota. Zile taa nne kubwa za machimbo nazo zinazimeza zaidi, ukiwa bondeni unadhani kunapambazuka.

Tarehe 26 Julai mwezi hautakuwepo. Tutakuja. Nataka watu waone Zohali, ile sayari yenye pete. Mwaka huu pete imegeuka ubavu, inaonekana kama shanga iliyochomwa sindano. Bila darubini utaitambua kwa sababu haipepesi, nyota ndizo zinazopepesa. Waambie wakae gizani dakika ishirini ndipo macho yafunguke, na mwenye tochi aifunge kitambaa chekundu, mwanga mwekundu hauharibu macho.

Na wewe, Baba, nakuomba kitu kimoja. Zima zile taa. Saa moja tu. Genereta iko mikononi mwako.

Mtoto wako,
Nthambi


Machimboni
29 Julai 2025

Nthambi, mwaitu,

Baridi ya mwezi huu imeingia mpaka kwenye meno, lakini niko. Natumai mlifika salama, kwa sababu uliondoka bila kuniaga.

Nakuambia ukweli, sina nguvu ya kuupamba. Watu hawakuja kwa sababu ya giza. Mwezi wa sita nyati alimgonga Saning'o pale kwenye bwawa la ng'ombe, jioni tu, hata usiku haujaingia. Mpaka leo anatembea na fimbo mbili. Nani atatoa watoto wake wavuke ile mbuga hawaoni miguu yao? Alikuja Parmuat na mkewe na mbwa. Mbwa hakutaka kuangalia.

Juu ya taa, nilimwuliza Roy. Akaniandikia kwenye karatasi, maana amechoka kupiga kelele: "Mzee, taa zikizimika dakika tano, dizeli inatembea na wezi. Na wewe utatembea nayo kwenda kwenu."

Ulinimulika na tochi mara tatu kutoka bondeni. Niliona. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi. Sikuzima.

Niko na miaka hamsini na nane. Sisikii lori likirudi nyuma. Nikifukuzwa hapa, nani ataniandika kazi? Wewe unaweza kufanya kazi bila mshahara kwa sababu nyota hazina msimamizi. Mimi niko na Roy.

Jibu, hata kama ni kwa matusi.

Baba yako,
Mbuvi


Machimboni
18 Agosti 2025

Nthambi,

Salamu. Wanyoike amerudi mikono mitupu mara tatu. Ya nne nilimwuliza, akaniinulia mabega tu na kunipa ndizi. Sijui kama ndizi ilitoka kwako. Niliila kama imetoka kwako.

Parmuat ana redio ambayo nikiibandika kwenye sikio la kushoto napata maneno. Ilisema tarehe 7 mwezi wa tisa, Jumapili, mwezi mpevu utapatwa, kuanzia saa mbili na nusu mpaka karibu saa nne. Sikulala nikifikiria. Mama, hiyo ndiyo siku! Watu watakuja na mbalamwezi, wataona njia na nyati pia watamwona. Halafu mwezi utajiondoa wenyewe, giza liingie, nyota zitoke. Wakishaona, mwezi unarudi unawapeleka nyumbani. Hakuna atakayetembea gizani.

Nimezunguka maboma matano nikiwaambia. Kwa kila boma nasalimu kwao, sopa, nakunywa chai, naeleza na mikono. Kokoo Nashipae, yaani nyanya yao, mama yake Parmuat, aliniuliza kama nimeanza kulewa. Lakini amesema atakuja.

Leta darubini. Taa nitazizima. Roy sijamwomba.

Baba yako,
Mbuvi


Noonkopir
30 Agosti 2025

Baba,

Ndizi ilitoka kwangu. Sikuandika kwa sababu kila nikianza, hasira inaandika kabla yangu.

Siku hiyo ya kupatwa tunaijua tangu Januari. Ila hakuna hata mmoja wetu, na vitabu vyetu vyote, aliyefikiria vile ulivyofikiria wewe. Nimewasomea wenzangu barua yako. Wakaomba niirudie.

Lakini darubini ni moja, na jioni hiyo iliahidiwa shule moja hapa Kitengela, watoto mia nne. Mimi ndiye naisimamia. Siwezi kuja.

Tafadhali usizime taa. Kama hakuna darubini, hakuna haja ya kupoteza kazi. Nilikosea kukuomba. Waambie watu siku imebadilishwa.

Mtoto wako anayekupenda,
Nthambi


Kajiado mjini, kando ya barabara
10 Septemba 2025

Nthambi, mwaitu,

Kifua hakikohoi leo. Labda ni kwa sababu sijameza vumbi siku mbili.

Barua yako ilinifikia Jumamosi. Kuwaambia watu siku imebadilishwa, wakati wengine walikuwa wametoka mbali wamelala kwa Parmuat? Sikuweza. Jumapili jioni walikuja. Nilijaribu kuhesabu, nikaacha. Mwezi ulitoka nyuma ya vilima mkubwa kama karai, wakaja kwa mistari na shuka zao, wazee, akina mama na watoto mgongoni. Walikaa kwenye majani wakangoja darubini. Nikawaambia haiji. Parmuat akawageuzia maneno kwa Kimaa, lugha yao. Mtu mmoja akasema kitu, wote wakacheka. Parmuat alinielezea baadaye: "Basi Mkamba atatuonyesha kwa kidole."

Saa moja na nusu mwezi ukaanza kuliwa pembeni. Ulipobaki kipande kama kucha, nilipanda kwenye genereta. Nilisimama kidogo. Nilimfikiria Roy, nikafikiria ile tochi yako mara tatu. Nikazima.

Mwaitu, nimeishi pale miaka tisa na sijawahi kuona mahali pale. Kwanza nilidhani nimepofuka. Halafu zikaanza kutoka moja moja, halafu zote, kama mtu amemwaga gunia la chumvi. Ule mkanda mweupe wa nyota ulipita juu yetu kama moshi usiokwenda popote. Na mwezi ulikuwa katikati, mwekundu kama shuka iliyofuliwa miaka mingi, umening'inia bila kushikwa na kitu. Na mimi nisiyesikia, nilijua kumenyamaza. Hata ng'ombe walikuwa wameinua vichwa.

Niliposhuka walipokaa, Kokoo Nashipae akanivuta shati, akaniambia sikioni kwa nguvu zake zote: "Mkamba! Wewe ulizima taa zako, sawa. Na mwezi wetu? Washa!"

Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Nikasema, "Kokoo, ngoja, swichi yake iko mbali."

Nilikuwa na barua yako ya mwezi wa tano mfukoni. Parmuat aliifunga tochi na pembe ya shuka yake, nikaisoma kwa mwanga mwekundu, mstari baada ya mstari, naye akigeuza. Dakika ishirini. Nyota zinapepesa, sayari haipepesi. Tukaitafuta. Mkewe Parmuat ndiye aliyeiona kwanza, chini ya mwezi kuelekea mashariki, imetulia kama jicho. Niliwaambia ina pete, na leo pete imegeuka kama sindano kwenye shanga. Akina mama wa shanga wakaanza kubishana ni sindano namba gani. Mimi sikujua. Niliwaambia binti yangu anajua.

Karibu saa nne ukingo wa mwezi ukawaka. Kokoo akanipigia makofi kama fundi aliyerudisha stima. Walirudi nyumbani wakiona miguu yao, hakuna aliyeguswa na mnyama.

Jumatatu Roy aliniita. Dizeli ilikuwepo yote. Alinionyesha kwenye simu picha za kamera zinazokwenda ofisini Nairobi, giza la saa moja na zaidi. Aliniuliza nani aliniamuru. Nikasema hakuna, ni mimi. Akaniambia karibu na sikio kwamba yeye mwenyewe alipanda juu ya paa la ofisi kuangalia, na kwamba bado lazima anitoe. Nilimwambia sawa. Hatukugombana.

Sitakudanganya, naogopa. Usiku naamka nikitafuta swichi. Lakini ulisema ulikosea kuniomba, na hilo nalikataa. Hujakosea.

Wanyoike ameharibikiwa na gurudumu hapa Kajiado, ndiyo nikapata nafasi ya kuandika. Safari hii hatabeba barua. Nimekaa kando yake na begi langu, nitakuletea mwenyewe. Ukikuta mzee mwenye vumbi jeupe kwenye nywele amesimama langoni na karatasi mkononi, usimwulize kazi imeishaje. Isome kwanza, yeye atangoja. Halafu umwonyeshe hiyo darubini yenu inawekwa jicho wapi.

Baba yako,
Mbuvi