Kwa Baba, Fundi Springi: Fremu Yako ya Alhamisi Tumeiona

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu kufuli liingie kwenye mlango wa karakana yako na mtaa ukakosa kelele zako. Vitanda ulivyovifufua bado vinalaliwa. Vingine bado vinalia, maana ulisema kitanda kisicholia kabisa hakina adabu, hakitoi taarifa.

Tunakumbuka chaki yako chini ya kila fremu: mteja, siku ya kuchukua, na kero yake. "Mama wa ghorofani. Jumatatu. Anazama katikati." Tunakumbuka kikombe chako cha udongo, kilichokuchoma vidole kila asubuhi na bado hukutaka kibadilishwe.

Kalamu nimepewa mimi binti yako, kwa kuwa ndiye niliyekaa mwaka mzima na jambo moyoni.

Nilipoanza masomo ya jioni ya fizikia, mtoto wangu, uliyemwita Bosi, akiwa hajatimiza mwaka, ulisema, "Nenda. Mimi na Bosi tutakaa nyuma." Kweli mkakaa nyuma, Bosi amelala begani, wewe na ovaroli lako, hata wanafunzi wakakuita Mkaguzi. Tulipofika kwenye mitetemo ya vitu vigumu nilitoka sijaelewa kitu. Ukanikalisha kwenye pembe ya fremu ya kitanda, ukabonyeza pembe ya pili, nikainuka.

"Atomi zenu ndizo hizi," ukasema. "Zimepangwa, zimeshikana kama kwa springi. Hapa hajigeuzi mtu peke yake."

Ndipo nikajua joto la chai linavyopita kwenye udongo wa kikombe mpaka kidoleni: mtetemo unapokewa na kupokezwa, safu kwa safu.

Kisha mwalimu akatueleza kwamba mtetemo huo haupandi kiholela. Unapanda kwa mafungu mazima, na fungu moja linaitwa fononi. Utapata moja, mbili, mia, nusu hupati. Ukanyoosha mkono kule nyuma.

"Mwalimu, nina miaka thelathini na springi. Nikivuta kidogo inacheza kidogo, nikizidisha kidogo inazidi kidogo. Hizo ngazi kaweka nani?"

"Zipo hata kwenye kitanda chako, mzee," akajibu. "Ila kwa kitu kikubwa hivyo ni ndogo mno, huzioni."

Darasa likacheka. Njiani ukaendelea kubisha. Nilikuwa nimechoka, mtihani umekaribia, nikakwambia, "Baba, wewe ni fundi vitanda. Fizikia niachie mimi."

Ukasema, "Sawa, mwalimu." Ukanipa mtoto, ukasukuma baiskeli yako.

Alhamisi iliyofuata hukuja darasani. Nyumbani tukawa watu wa salamu tu. Jumanne yake, siku mbili kabla ya mtihani, ulianguka ukifungua karakana, na ndiyo ikawa basi. Mtihani nilikuja kuufanya baadaye nikafaulu, lakini furaha haikukaa. Niliamini umeondoka na neno langu limekukwama kooni.

Sasa sikia, Baba. Wiki tatu zilizopita Mama alitoa ufunguo, tukaenda kufagia. Mimi na Kaka tukihamisha vyuma, tukasikia tak, tak, tak. Bosi, ambaye siku hizi hashikiki, alikuwa amefunua gunia pembeni na kukuta kijifremu. Nati nzito kumi na mbili kwenye safu, springi katikati yake, na mkono wa kuzungushia uliofungwa kwenye gurudumu la meno la baiskeli kuukuu. Kila jino linavuta springi ya kwanza kwa kiasi chake. Ukiuachia mkono katikati ya meno mawili, unarudi wenyewe kwenye jino la chini.

Na jino la chini kabisa ulilizuia kwa kipande cha chuma, mkono usifike penye utulivu kamili. Maana mwalimu alisema hata kwenye baridi kuliko zote atomi hazitulii kabisa, kijitetemo hubaki. Kumbe ulisikia hata hilo. Mimi sikuwa nimeliandika.

Kaka akaipindua fremu. Chini, chaki yako: "Binti yangu. Alhamisi. Nusu hakuna."

Nikakaa sakafuni. Mama akaisoma, akaweka ufagio chini.

"Nilijua ana kazi," akasema. "Kila nikimuuliza mbona anachelewa kula, ananiambia mteja wa Alhamisi ni mgumu, hataki nusu."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni kitanda."

Tulicheka, Baba, mpaka Bosi naye akacheka bila kujua cha kuchekea. Lile jiwe la kifuani sijui lilienda wapi. Kumbe hukuwa umenuna. Ulikuwa kazini.

Fremu tuliipeleka darasani Alhamisi, siku uliyoiandika, ingawa kwa kuchelewa mwaka. Mwalimu akazungusha mkono jino kwa jino, akajaribu kuusimamisha katikati, ukamponyoka. Akajaribu tena. Halafu akapangusa grisi vidoleni, akatazama kiti chako cha nyuma, akasema, "Mkaguzi kapitisha." Chaki tumeipaka vanishi isifutike. Mimi naendelea na ngazi inayofuata, na usiku huu ninapoandika, chai iko mkononi kwenye kikombe chako, inanichoma vidole, na najua kwa nini.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye sasa karakana anaifungua mwenyewe, na mwanao mkubwa, aliyeshika koleo zako na bado anajikata, na mimi, na Bosi, anayetaka kujua utarudi lini kumtengenezea fremu nyingine, na mafundi wenzako, na darasa zima la jioni.

Tutakukumbuka daima, Baba, na tutakukumbuka mzima. Nusu hakuna.