Bloki Chini ya Benchi

Makindu, Jumanne

Bado nausikia mlio ule, hata baada ya kuoga.

Mutua amekuja jioni kuchukua gari yake ya mashindano aipeleke Mombasa. Nimemwambia tena kwamba kuta za silinda ni nyembamba, na presha ya turbo ikizidi hapo bloki itapasuka kama ile ya kwanza. Akacheka. "Fundi, ile ilikuwa bahati mbaya. Wewe ongeza tu." Na mimi, mjinga, nikaongeza.

Ile ya kwanza iko chini ya benchi, na ufa wake unaingia kidole. Mutua alipokanyaga mafuta pale langoni, bloki hiyo ikaanza kulia kama nyuki. Nikajiambia ni mtetemo tu. Lakini gari ikapotelea barabarani, na chuma bado kinalia.

Nikashikwa na hasira. Nikachukua spana nikaigonga mara tatu, vile ninavyogonga kila bloki kabla ya kuifunga, nisikie kama ni nzima. Ikanyamaza.

Kabla sijaweka spana chini, Mutua akapiga simu. "Fundi, kuna kitu kimegonga ndani ya injini. Mara tatu, halafu kimya."

Nikamwambia asimame, azime, ashuke. Akasema nimeanza kuwa mwoga, akakata. Tangu hapo simu yake haishiki.

Sasa naisikia ile bloki tena, huko gereji, inalia. Spana ninayo hapa mkononi. Ningeinyamazisha, lakini Mutua bado yuko barabarani.

Siigongi. Ngai, Mungu wangu, siigongi.